Kutoka wachumba hadi bibi na wajukuu: Tangazo la bustani ya burudani humlenga nani nyumbani?

Aprili 1963, akiwa mahabusu mjini Birmingham katika jimbo la Alabama, Marekani, Mchungaji Martin Luther King Jr. aliandika barua ndefu kuwajibu viongozi wa dini waliomtaka apunguze kasi ya kudai haki za watu weusi. Barua hiyo imejaa hoja za sheria, historia na Maandiko. Lakini ndani yake kuna jambo la nyumbani kabisa, ambalo mzazi yeyote hulielewa bila kufafanuliwa.

Binti yake wa miaka sita alikuwa ameona kwenye televisheni tangazo la Funtown, bustani ya burudani ya Atlanta, jiji walilokuwa wakiishi. Kama watoto wote, akataka kupelekwa. Baba, aliyezoea kuhutubia maelfu ya watu, akajikuta ulimi umekuwa mzito. Funtown ilikuwa imefungwa kwa watoto weusi. Machozi yakamlengalenga mtoto, na baba hakuwa na neno la kumwambia ambalo lisingemuumiza.

Tangazo lile liliingia sebuleni kwa King kama lilivyoingia katika kila nyumba yenye televisheni jijini humo. Lilisema njoo. Ila mtoto yule hakuwa miongoni mwa walioitwa.

Kila tangazo la biashara lina mtu wake. Waandaaji huketi kwanza na kuamua wanaongea na nani: baba, mama, kijana, mtoto au bibi. Katika biashara ya bustani za burudani, yaani zile sehemu zenye bembea kubwa, vigari vya kasi na maonyesho ambazo mtu huingia kwa kiingilio, mlengwa huyo amebadilika mara kadhaa kwa muda wa zaidi ya miaka 120. Ukifuatilia mabadiliko hayo unaona jinsi wafanyabiashara walivyokuwa wakichungulia ndani ya familia, wakitafuta ni nani humo mwenye pesa, na ni nani awezaye kumfanya mwenye pesa azitoe.

Wachumba na senti zao

Mwanzoni mwa karne ya 20, mahali palipovuma kuliko pote Marekani kwa burudani za aina hii palikuwa Coney Island, ufukweni mwa jiji la New York. George Tilyou alifungua hapo bustani ya Steeplechase mwaka 1897. Mwaka 1903 ikafuata Luna Park, iliyong'aa usiku kwa taa za umeme zipatazo 250,000, wakati ambapo nyumba nyingi za Wamarekani hazikuwa na umeme.

Mlengwa mkuu hakuwa mtoto. Alikuwa kijana wa kiwandani na msichana wa dukani au wa cherehani, wenye mshahara mdogo na siku moja ya mapumziko. Mjini waliishi vyumba vya kubanana pamoja na wazazi na ndugu, na hawakuwa na mahali pa kukutana mbali na macho ya wakubwa.

Tilyou alilijua hilo. Farasi wake wa mbao waliokimbia kwenye reli walikuwa na nafasi ya kupanda wawili, mmoja akimshika mwenzake kiunoni. Palikuwa na pipa kubwa linalozunguka, ambalo mtu akipita ndani yake huanguka, na mara nyingi humwangukia asiyemjua. Nembo ya bustani ilikuwa uso wa mtu anayecheka, meno yote nje. Ujumbe ulieleweka: hapa utacheka, utashikana mikono na umpendaye, na adabu za nyumbani utazisahau kwa saa chache.

Tilyou alijua pia kwamba tangazo si lazima liwe bango la kulipia. Steeplechase ilipoteketea kwa moto mwaka 1907, alitundika kibao cha kuwakaribisha watu waje kutazama magofu, kiingilio senti 10.

Treni ya chini ya ardhi ya New York ilipofika Coney Island mwaka 1920, kwa nauli ya senti 5, familia nzima za wafanyakazi zilimiminika ufukweni. Lakini sifa ilibaki ileile: mahali pa wachumba, kelele na umati. Kwa wazazi wengi waliojiona wa heshima, hapakuwa mahali pa kumpeleka mtoto.

Baba aliyekaa benchi

Walt Disney, mtengenezaji wa filamu za Mickey Mouse, alipenda kusimulia jinsi alivyokuwa akiwapeleka binti zake wawili kwenye bembea ya farasi wa mbao katika bustani ya Griffith, Los Angeles. Watoto walizunguka na farasi wao, yeye amekaa kwenye benchi akitafuna karanga. Hapo akawaza kwamba pangekuwepo mahali ambapo wazazi nao wangefurahi pamoja na watoto wao.

Simulizi hiyo yenyewe iligeuka kuwa tangazo, na mlengwa wake ni yule wa kwenye benchi: mzazi mwenye gari na kazi ya kueleweka, ambaye siku zote hulipa lakini hachezi.

Disneyland ilifunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955. Kabla ya hapo, tangu Oktoba 1954, Disney alikuwa na kipindi cha kila wiki katika televisheni ya ABC, nacho kiliitwa Disneyland. ABC ilikuwa imeweka fedha zake katika ujenzi wa bustani. Kwa hiyo familia ziliketi kutazama hadithi, na katikati ya hadithi zikaonyeshwa bustani inayojengwa. Mtoto hakujua, na mzazi hakujali, kwamba kipindi walichokipenda kilikuwa pia tangazo. Hata siku ya ufunguzi ilirushwa moja kwa moja. Ndani ya miezi miwili, wageni walikuwa wamefika milioni moja.

Wakati ulikuwa mwafaka. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani ilipata watoto wengi kwa mkupuo, mishahara ilipanda, na kufikia mwaka 1955 zaidi ya nusu ya nyumba zilikuwa na televisheni. Disney aliwaahidi wazazi kile ambacho Coney Island haikuwapa: usafi, utulivu na mahali pasipouzwa pombe. Kiingilio kilikuwa dola 1 kwa mtu mzima na senti 50 kwa mtoto, michezo ikilipiwa kando.

Mlango wa mtu mmoja mmoja uligeuka kuwa mlango wa familia. Bustani nyingine zilizofunguliwa baadaye ziliiga picha hiyohiyo ya baba, mama na watoto wakitembea pamoja.

Ambao hawakuwamo pichani

Lakini neno “familia” katika matangazo ya enzi hizo lilikuwa na mipaka. Bustani nyingi za burudani Marekani, za Kusini na hata baadhi za Kaskazini, ziliwazuia watu weusi kabisa au ziliwatengea siku chache tu kwa mwaka. Redio, gazeti na televisheni havikubagua masikio wala macho, langoni ndiko kulikobagua. Kazi ya kueleza sababu waliachiwa wazazi.

Wapo waliokataa hali hiyo. Mwaka 1960, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard waliingia katika bustani ya Glen Echo, jimboni Maryland, nje kidogo ya Washington, wakapanda farasi wa mbao. Walikamatwa. Majira yale yote ya kiangazi waandamanaji walisimama langoni na mabango, wakiwamo wakazi Wazungu wa mtaa wa jirani walioona aibu kupeleka watoto wao mahali ambapo wengine walifukuzwa. Msimu uliofuata, mwaka 1961, lango lilifunguliwa kwa wote.

Bustani ya Gwynn Oak, Baltimore, ilifuata tarehe 28 Agosti 1963, siku ileile King alipotoa hotuba yake maarufu Washington kuhusu ndoto aliyokuwa nayo. Siku hiyo mtoto mweusi ambaye hakuwa hata ametimiza mwaka alipandishwa farasi wa mbao na baba yake, na hakuna aliyewazuia. Baadaye bembea hiyo ilihamishiwa Washington, kwenye viwanja vya National Mall.

Kwa anayetaka kulisoma tangazo vizuri, hili ndilo somo la kwanza: mtazame aliyemo pichani, kisha jiulize nani hayumo.

Zamu ya vijana

Watoto wa mwaka 1955 hawakubaki watoto. Kufikia miaka ya 1970 walikuwa vijana wenye leseni za udereva na vibarua vya likizo. Wangeweza kwenda kujifurahisha bila baba wala mama, na biashara ikageuza shingo kuwatazama.

Disneyland yenyewe ilikuwa imeanza mwaka 1961 kutenga usiku maalumu kwa wahitimu wa sekondari. Wengine walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1976, Magic Mountain ya California ilizindua Revolution, kigari cha kwanza cha kisasa kumpitisha abiria kwenye kitanzi kamili, kichwa chini miguu juu. Mwaka 1979, Kings Island ya Ohio ikaja na The Beast, iliyojengwa kwa mbao na yenye njia ndefu kupita kilomita 2. Mwaka 1989, Cedar Point, pia ya Ohio, ikafungua Magnum XL-200 iliyopanda zaidi ya meta 60 kutoka ardhini.

Lugha ya matangazo ikabadilika. Mwaliko wa “njooni nyote” ukawa changamoto ya “unathubutu?” Zikaanza kuuzwa namba: urefu, kasi, idadi ya vitanzi. Namba hizo humvutia kijana anayetaka kuwatambia wenzake. Kwa mama mwenye mtoto wa miaka mitatu mgongoni, namba hizohizo ni sababu ya kubaki nyumbani.

Mtego ukajitokeza hapo. Aliyetangaza kigari kirefu kuliko vyote mwaka huu, mwakani atahitaji kirefu zaidi, na vigari hivyo hugharimu mamilioni ya dola. Kijana naye hununua tiketi ya msimu mzima, akaja mara kumi, na kila mara akanunua soda moja. Familia ikija mara moja hununua chakula cha mchana, kofia, maji, picha na zawadi ya bibi aliyebaki nyumbani.

Kampuni ya Six Flags, iliyoanzia Texas mwaka 1961 na kuenea majimbo mengi, iliupitia mtego huo. Mwaka 2004 ilirusha tangazo lililozungumzwa Marekani nzima: mzee mwenye kipara, suti nyeusi na miwani mikubwa anashuka taratibu kutoka kwenye basi la zamani, kisha ghafla anaanza kucheza muziki kwa wepesi wa kijana, na watu waliochoshwa na kazi wanaacha shughuli zao na kumfuata. Uongozi mpya ulioingia mwishoni mwa mwaka 2005 ulisema wazi kwamba unataka familia zirudi, baada ya miaka mingi ya kuwaegemea vijana.

Mtoto akililia wembe

Waswahili husema mtoto akililia wembe mpe. Wenye kuuza waliugeuza msemo huo kuwa mbinu.

Mwaka 1998, kampuni moja ya matangazo ya Marekani ilishirikiana na watafiti wa soko kuchunguza jinsi watoto wanavyowasumbua wazazi wakitaka kununuliwa kitu. Lengo halikuwa kumsaidia mzazi anayesumbuliwa. Lilikuwa kujua usumbufu upi unaleta mauzo. Mmoja wa waliohusika alieleza matokeo katika filamu ya The Corporation ya mwaka 2003: karibu robo ya safari za familia kwenda bustani za burudani zisingefanyika kama mtoto asingesumbua.

Watafiti hao waligawa usumbufu katika aina mbili. Ya kwanza ni ya kung'ang'ania, pale mtoto anaporudia ombi lilelile tangu asubuhi hadi usiku. Ya pili ni ya hoja, pale anapotoa sababu: nimefaulu, uliniahidi, wenzangu wote wamekwenda. Wazazi nao waliwekwa katika makundi kufuatana na wepesi wao wa kukubali. Kwa maneno mengine, mama anayejiona hana muda wa kutosha na wanawe kwa sababu ya kazi alishahesabiwa kabla hajaliona tangazo.

Hapa mlengwa amegawanyika vipande viwili. Mtoto ndiye anayesemeshwa, mzazi ndiye anayefikiwa. Tangazo linamtuma mtoto kama mjumbe ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Baadhi ya nchi ziliona hilo si haki. Jimbo la Quebec nchini Kanada limepiga marufuku matangazo ya biashara yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 13 tangu mwaka 1980. Sweden ilizuia matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 12 kuanzia 1991. Mwaka 2004, jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilieleza kwamba watoto wa chini ya umri wa miaka minane hivi hawana uwezo wa kutambua kuwa tangazo limetengenezwa ili kumshawishi mtu. Kwao ni habari tu, ya kweli kama ile anayosimuliwa na mwalimu.

Kuuza kumbukumbu

Katika miaka ya 2000, matangazo yalianza kumtazama kwa karibu mtu ambaye kwa kawaida ndiye anayepanga safari: mama. Ni yeye anayelinganisha bei, anayejua mtoto gani hali nini, na anayekumbuka dawa ya pumu.

Mwaka 2008, Walt Disney World ya Florida iliunda jopo la akina mama wa kawaida wa kujibu maswali ya wazazi wenzao kupitia intaneti: tuje mwezi gani, mtoto mchanga atalala wapi mchana, tutapunguzaje gharama. Mama anamwamini mama mwenzake kuliko anavyoamini bango. Kampuni iliujua ukweli huo wa uani na kuutumia.

Kisha likaja jambo lililobadilisha kazi yenyewe ya kutangaza. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2010, bustani za Disney ziliendesha kampeni iliyotumia video na picha walizopiga wageni wenyewe. Picha za familia zilizopigwa mchana zilioneshwa usiku juu ya kuta za kasri la bustani. Kilichouzwa hakikuwa tena bembea, bali kumbukumbu. Na chini ya neno hilo zuri kulikuwa na hofu ambayo kila mzazi anaijua: watoto wanakua haraka, na miaka hii haitarudi.

Hofu hiyo inamgusa pia bibi na babu. Nao, wakiwa na akiba na muda, waliingizwa pichani wakiwa wamewashika wajukuu mikono.

Tangu wakati huo, simu imemfanya kila mgeni kuwa mtangazaji asiyelipwa. Picha ya mtoto mbele ya lango, iliyotumwa kwenye kundi la ukoo, inafanya kazi ambayo zamani ililipiwa fedha nyingi. Tena inafanya vizuri zaidi, kwa sababu anayeiona si mteja asiyejulikana, ni binamu, ambaye naye ana watoto wanaochungulia simu yake.

Watu wazima waliokuja peke yao

Mabadiliko ya karibuni zaidi yamewashangaza wengi. Tangazo limeanza kuongea na mtu mzima asiye na mtoto.

Mbegu ilipandwa zamani. Januari 1987, Phil Simms wa timu ya New York Giants, akiwa ametoka tu kushinda fainali ya mpira wa Kimarekani, aliulizwa mbele ya kamera angefanya nini baada ya hapo, akajibu kwamba anakwenda Disney World. Lilikuwa tangazo lililopangwa, na lililenga watu wazima waliokuwa wakitazama mchezo. Mwaka 1991 Disney World ilianza rasmi biashara ya kuandaa harusi. Mwaka 2010, Universal ya Orlando ilifungua eneo la Harry Potter. Kitabu cha kwanza cha Harry Potter kilitoka 1997, kwa hiyo wengi waliokisoma wakiwa watoto sasa walikuwa na mishahara yao.

Nchini Japani, ambako idadi ya watoto wanaozaliwa imekuwa ikishuka hadi chini ya 800,000 mwaka 2022, biashara inayotegemea watoto peke yao ingekuwa inachimba kaburi lake. Tokyo DisneySea, iliyofunguliwa 2001, ilijengwa tangu mwanzo ikiwafikiria zaidi watu wazima, na pombe inauzwa humo. Hata Disneyland ya California, ambayo Walt Disney hakutaka wageni wa kawaida wauziwe pombe, ilianza kuiuza ndani ya eneo la Star Wars mwaka 2019.

Sababu ni za kibiashara. Mtu mzima asiye na mtoto hafungwi na likizo za shule, huja Jumatano ya mwezi wowote. Hana mtoto wa kulala saa mbili usiku. Na pesa ambayo mwenzake analipia ada, yeye anaweza kulipia hoteli. Yule baba wa kwenye benchi amerudi, safari hii bila watoto, na ndiye anayepanda farasi.

Kwa familia zenye watoto, hilo lina gharama yake. Pale ambapo mwenye kipato kizuri na asiye na wategemezi yuko tayari kulipa zaidi, bei hupanda kumfuata yeye. Disney World humhesabu mtoto wa miaka 10 kuwa mtu mzima kwenye tiketi. Tangazo linaonyesha familia ya watu watano, lakini wenye watoto watatu ndio wanaopiga hesabu mara mbili kabla ya kujibu.

Safari ya saa chache kutoka Dar es Salaam

Mambo haya hayako mbali na Afrika Mashariki kama zamani. Katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, ilifunguliwa Ferrari World mwaka 2010, ikafuatwa na Warner Bros. World mwaka 2018 na SeaWorld mwaka 2023. Mei 2025 Disney nayo ilitangaza mpango wa kujenga bustani kisiwani humo. Moja ya sababu ilizotoa ni kwamba theluthi moja ya watu duniani wanaishi ndani ya mwendo wa saa nne wa ndege kutoka Falme za Kiarabu.

Dar es Salaam na Nairobi ziko nje kidogo tu ya duara hilo, kwa safari ya saa tano au zaidi. Wapo Waswahili wengi wanaofanya kazi na biashara Ghuba, na wengine hupita huko wakienda Umra au kununua bidhaa. Picha zao zinarudi nyumbani kwa simu. Mtoto wa Tanga au wa Mombasa sasa anaweza kuona kitu hichohicho anachokiona mtoto wa Abu Dhabi, dakika ileile, kama binti wa King alivyoona kile walichokiona watoto Wazungu wa Atlanta. Langoni hakuna tena kibao cha rangi. Kuna bei.

Jibu la sebuleni

Mzazi ambaye mwanawe amekuja na simu mkononi akisema “nataka kwenda huku” ana mambo machache ya kufanya kabla ya kusema ndiyo au hapana.

Kwanza, alitazame tangazo pamoja na mtoto na kumuuliza maswali mepesi. Nani yumo humu? Nani hayumo? Mbona hakuna foleni, jua kali wala mtoto anayelia? Unadhani nani ametengeneza hii, na anataka nini? Mtoto wa darasa la nne anaweza kujibu, na huyafurahia maswali hayo kama kitendawili. Aliye mdogo zaidi asilaumiwe kwa kuamini. Bado hajafikia umri wa kutambua.

Pili, hoja isichanganywe na kung'ang'ania. Mtoto aliyekumbusha ahadi ana haki ya kujibiwa. Aliyerudia mara ishirini hapaswi kushinda kwa sababu ya mara ya ishirini, kwani atakuwa amejifunza kwamba kumi na tisa hazitoshi.

Tatu, kama pesa hakuna, aambiwe kwamba hakuna. Wazazi wengi huona aibu, wakasingizia kwamba mahali penyewe ni pabaya au kwamba watakwenda “siku moja”. Mtoto hupokea ukweli kuliko inavyodhaniwa. Kinachomchosha ni ahadi isiyo na tarehe.

Nne, kabla ya kurusha picha za safari, mzazi akumbuke nani watakaoziona na watakachoombwa na watoto wao usiku huo. Si lazima kuficha furaha. Inatosha kujua kwamba picha hiyo nayo imekuwa tangazo.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Siku hizi hata kizuri kinajitembeza, na kinajua jina la kila aliyemo ndani ya nyumba kinayoiendea.

King alikuja kueleza katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1965 kwamba Funtown ilikuwa imeacha ubaguzi kimyakimya, naye akampeleka binti yake. Mtoto yule alikuwa amesubiri kwa miaka. Lakini katika muda wote huo hakudanganywa kwamba bustani ile haikuwa nzuri, wala kwamba yeye ndiye mwenye kasoro. Alikuwa ameambiwa, kwa ulimi mzito wa baba yake, sababu ya kweli.